Risasi ya Mamba wa Lipingo

Jumanne, 18 Juni 2024

Sikukuu jana nimeila peke yangu, pilau ya mama ntilie, vipande viwili vya nyama. Leo kabla sijamaliza chai bosi kanirushia karatasi mezani — kibali kimetoka! Mamba mmoja, mdomo wa mto, Lipingo. Mwisho Jumamosi tarehe 29, saa kumi na mbili jioni.

Ni yule anayesemwa kuwa alimchukua Vitalia mwezi wa nne, akifua. Mume wake, Cletus, mvuvi, ameshakuja ofisini mara sita. Hapigi kelele. Anakaa kwenye benchi, anauliza, anaambiwa bado, anaondoka. Bora angetutukana.

Shida ni kwamba huyo mamba ni mjanja. Anaota jua kwenye mchanga katikati ya mto, na ukimsogelea tu, chubwi! Kwa hiyo apigwe kwa mbali, na apigwe mara moja. Ubongo wa mamba ni mdogo kama kiberiti. Ukimkosa anahama, basi tena.

Ghalani tuna bunduki mbili. Ya .458, ya tembo na kiboko, risasi yake nene kama kidole gumba. Na ya .30-06, risasi nyembamba, ina darubini, ilikuwa inakula vumbi nyuma ya mlango. Bosi: chukua kubwa, mamba si sungura. Nikaitikia. Afisa wanyamapori mzima, na diploma yangu, naitikia tu! Jastini wa ghala alinivuta pembeni akaniambia kabla sijachagua nibebe zote mbili, nikamwone Domitila wa Matiri.

Alhamisi, 20 Juni

Matiri. Baridi ya huku! Mimi mtu wa Tabora nimevaa makoti mawili.

Domitila ni mama wa miaka sitini na moja, alikuwa askari wanyamapori miaka ishirini na saba. Nimemkuta anachuma kahawa, ndoo imefungwa kiunoni kwa khanga. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Akanitazama viatu. Nikamweleza habari ya mamba. Akauliza yuko umbali gani. Nikasema mbali. Akasema mbali si namba, na akaendelea kuchuma mpaka ndoo ikajaa. Nilikasirika, kusema kweli.

Ndani, akaomba risasi. Akashusha ukutani picha yake ya harusi — ya harusi! — akaifuta vumbi, akaiweka mezani, akaanza kubingirisha zile za .30-06 moja moja juu ya kioo, juu ya uso wa marehemu mume wake. Zilikuwa nane. Sita zikaenda kimya. Mbili kichwa kikawa kinayumba. Akaziweka pembeni: hizi zimepinda, za kutishia nyani. Mimi nilizihesabu na kuzisaini zote nane, sikuona chochote!

Ya .458 hata hakuibingirisha. Aliipima mkononi, akanirudishia. Hii nzuri sana, akasema, ukiwa unamwona kiboko kope.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya leo sitaisahau. Tumekwenda kwenye shimo la moramu, udongo wa barabara, nje ya kijiji. Mama Domitila kaja na ubao, gundi ya unga, na viberiti vitupu. Kapima mita 180 kwa futi kamba, akiinama kila mara, hakukubali nihesabu hatua.

Kwanza nikapiga mimi, ya .458, bega karibu ling'oke. Nililenga kiberiti, tundu likatokea karibu futi moja chini. Nikasema bunduki mbovu. Akacheka mpaka akakaa. Bunduki nzima, akasema, risasi yenyewe ni nzito, inachoka njiani. Na ni ngumu: ikigonga maji inaruka, inaendelea na safari.

Halafu .30-06, kichwa laini, inayopasuka ikigonga. Alilala kifudifudi juu ya gunia la kahawa. Akapiga, akageuza kitufe cha darubini, akapiga, akageuza tena. Ya tatu ikapita katikati ya kiberiti. Mita 180! Nilikwenda nikachomeka kidole kwenye lile tundu. Nimekipachika kiberiti hapa ukurasa wa pili, bosi akikitaka aje akione.

Basi, ni .30-06. Zimebaki tatu. Nilimwambia apige yeye. Nilidhani ulimi utakataa, haukukataa. Kibali kinaruhusu askari mstaafu akiwa chini ya usimamizi wangu. Usimamizi! Nitasimamia nini mimi pale?

Jumatatu, 24 Juni

Lipingo. Koti nimevua. Tumefikia kwa Cletus, ametupa chumba chake, yeye analala kwa dada yake, Oliva. Ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, nimekula kama sina adabu.

Mahali tumepata: jiwe kubwa upande huu, mchanga katikati ya mto, na nyuma ya mchanga kingo ndefu ya udongo. Risasi ikipita, inaishia kwenye kingo. Mama Domitila aliikagua hiyo kingo kwa darubini kabla hajakagua kitu kingine chochote.

Cletus alivuka na mtumbwi, kamba ya nyavu nyuma yake, akapima toka jiwe hadi mchanga. Pima mia moja kamili. Nikapiga hesabu papo hapo, pima moja ni mita moja na themanini: mita 180. Sawasawa na Matiri! Nikaruka kwa furaha, nikasema Mungu ametupangia. Mama Domitila hakuruka.

Jumanne, 25 Juni

Aibu. Asubuhi amemsimamisha Cletus uwanjani, mikono aitanue kama anaikumbatia nyumba, akampima kwa futi kamba toka kidole hadi kidole. Mita moja na sentimita tisini na sita! Cletus ni mlingoti. Kisha akanipima mimi: moja na sitini na sita. Oliva alicheka mpaka akaacha dagaa wake wa usipa waungue. Pima ni mikono ya mtu, Afisa, akasema Mama Domitila, siyo ya kitabu. Kumbe pale si mita 180, ni 196. Risasi ingeshuka vidole viwili. Tungempiga mamba taya, akaenda kufia kusikojulikana, au asife.

Kageuza kitufe, tak, tak. Kwisha. Hakunisema tena. Watu wengine wangeniimba hadi Songea.

Ijumaa, 28 Juni

Siku tatu juu ya jiwe. Mawingu, upepo, hakuna jua, hakuna mamba. Mama Domitila halalamiki. Analala pale, anasali rozari kidogo, anatafuna muhogo mbichi.

Leo jioni nimemkuta Cletus ananoa ndoana ya chuma, ndefu kama mkono wangu. Kamba mpya. Mkuki wa baba yake. Nikamuuliza vya nini. Akasema kibali chenu kinaisha Jumamosi, mimi changu kinaanza Jumapili, naingia majini mwenyewe. Alisema taratibu, kama mtu anayesema kesho ataezeka nyumba. Nimemsihi. Oliva amemsihi, amelia. Anaitikia ndiyo ndiyo na ananoa. Atakufa huyu mtu! Kesho tusipompata mamba, nimemuua Cletus na karatasi yangu ya tarehe.

Jumamosi, 29 Juni

Saa nne. Jua! Limetoka safi. Tuko juu ya jiwe watatu, Cletus amekataa kubaki nyumbani.

Saa tisa na nusu. Katoka!! Mkubwa kuliko nilivyodhani. Mgongo kama gogo lililoungua. Ila hakulala mahali pake. Amelala ncha ya chini ya mchanga, na nyuma ya ncha ile hakuna kingo. Kuna mwanya, majani, na kanjia kanakoshuka majini. Mama Domitila ana jicho kwenye darubini. Anangoja asogee.

Saa kumi na robo. Hajasogea. Wanawake wanashuka kwenye ule mwanya na ndoo! Sita, nimewahesabu. Wameingia maji ya magoti, wanachota, wanafua, wanaongea. Mamba wanamwona kabisa. Nikamuuliza Cletus, wana wazimu? Akanieleza bila kuondoa macho: ndivyo wanavyofanya siku zote. Akionekana mchangani ndipo wanashuka haraka, maana wanajua yuko wapi. Asipoonekana, hakuna anayegusa maji.

Mama Domitila amefungua chemba ya bunduki, ametoa risasi, ameniwekea mkononi. Miaka ishirini na saba, mamba amelala pale kama kapigwa picha, saa moja na dakika arobaini na tano zimebaki, na ametoa risasi. Namheshimu huyu mama kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Nimeandika na sifuti.

Cletus naye anautazama ule mwanya. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, hata Vitalia siku ile alishuka kwa sababu alimwona huyu hapo mchangani. Na watu wanasema alikuwa bado pale pale mchangani wakati Vitalia anapiga kelele. Mwenyewe Cletus alidhani hao watu wanakosea.

Mama Domitila aligeuka akanitazama. Basi aliyemchukua Vitalia ni mwingine. Na huyo mwingine hatumwoni. Na wale wako majini.

Kupiga kelele hakusaidii, upepo unakuja toka kwao. Njia ni moja tu: wakimwona huyu akizama watakimbia. Nilikuwa bado nafikiria. Cletus ndiye aliyesimama. Cletus! Miezi miwili na zaidi anaomba kifo cha mnyama huyu. Amevua shati, akalipunga juu ya kichwa kwa mikono yake ile mirefu, akarukaruka juu ya jiwe. Mamba akainua kichwa. Chubwi. Mchanga mtupu.

Saa kumi na nusu. Ng'ambo walipiga yowe, wakakimbia, ndoo zinaelea. Majani yanachezacheza, wanatokea mmoja mmoja juu kwenye kanjia. Mama Domitila amenyoosha mkono bila kunitazama, nimempa risasi, ameirudisha chemba. Anapekua maji kwa darubini, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Cletus bado amesimama, shati mkononi. Anawahesabu kwa kidole, anataja majina. Oliva. Benadetha. Mama Aidan. Mariana. Binti wa Mariana. Amefika watano. Ameanza upya. Ananiuliza mimi nimepata wangapi.