Bwana Harusi wa Kwenye Picha

Kambi Muru, Kibera
Agosti 1996

Mume wangu Usman,

Goti la mama limepona. Mimi visa nimenyimwa. Afisa wa ubalozi alishika picha ya nikaha akauliza, "Huyu anayeshikana mkono na babako ndiye mumeo?" Nikamwambia ni Murjan, kaka yako, aliyekuwakilisha kwa vile ulikosa likizo. Akacheka. "Mume gani huenda kazini siku ya harusi yake?" Nilitaka kumtukana, lakini swali hilo ni langu pia.

Nawe unaniandikia habari za nyumba ya uzeeni huko majuu, na maua dirishani! Wacha hayo maua. Uje mwenyewe ushike mkono wa baba. Kama ulikosa siku moja ya kunioa, miaka ya kuzeeka nami utaitoa wapi?

Ni mimi Hadia, na bado sijasikia "nimekubali" kutoka mdomoni mwako.