Kadi Zako Zina Pande Mbili Tu

Riziki mwanangu,

Najua huko wanakuita Riki, kama mbwa wa mzungu. Lakini mimi ndiye niliyekuadhinia sikioni siku uliyozaliwa, na sikusema Riki.

Barua hii hutaisoma. Naiandika kwa Kiswahili makusudi, naiweka hapa mtandaoni kila mtu aione. Mama yako akitaka ataitia kwenye simu yake imtafsirie, simu itamwambia upuzi, na mimi nitacheka peke yangu. Maana Kiingereza changu ni cha kupandisha watu ngamia. Kijerumani changu nacho ni cha ufuoni: naweza kukwambia jua zuri, bei nzuri, ngamia hang'ati. "Nina uchungu" sijui linasemwaje. Hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza.

Unamkumbuka Bwana Harusi? Yule ngamia wa tajiri wangu, anayetembea ametazama juu kana kwamba amelipa mahari ya kijiji kizima. Nilikuwa nikikupandisha mbele ya nundu, tunatoka ufuo wa Galu asubuhi wageni hawajamaliza chai yao, tunacheza mchezo wetu. Mimi nagusa kwa fimbo, nauliza, "Hii?"

"Sikio!"

"Na hii?"

"Nundu!"

"Na ile kule nyuma?"

"Mkia! Unanuka!"

Siku moja ngamia aliposhuka kupiga magoti ukaziona zile sugu zake za magotini. Ukafikiri, halafu ukaniuliza, "Baba, huyu naye anaswali sana kama babu?" Wallahi nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka. Nilipomhadithia babu yako, akasema, "Basi ngamia amekushinda wewe."

Hukuwa unajua kuvaa viatu, lakini mnyama mzima ulikuwa unamjua kwa Kiswahili, kuanzia pua mpaka mkia. Halafu mama yako akasema mnakwenda kwao Ujerumani kumsalimia bibi yako wa huko, kiangazi tu. Mimi mwenyewe niliwabebea mabegi. Nikawafanyia na mzaha pale uwanja wa ndege, nikasema mniletee theluji kwenye chupa. Kiangazi hicho, mwanangu, mpaka leo hakijaisha. Mimi nilidhani kwetu ndiko kwenye joto.

Wiki iliyopita ukanipigia simu, tena ya kuonana sura. Nikavaa shati. Kumbe una mtihani wa Kiingereza, viungo vya wanyama, na umetaka mtu wa kukuuliza maswali. Mama yako amekukatia kadi nzuri, upande mmoja Kijerumani, upande wa pili Kiingereza. Wewe unanionyesha Kijerumani, mimi nasoma kwa kuungaunga, wewe unajibu. Mkia umeupata, "tail". Kwato umezipata. Pembe ni neno lile lile pande zote mbili, hata hukufikiri. Nywele nazo karibu sawa. Nikaona, kumbe hizi lugha zenu ni mtu na dada yake. Mimi ndani ya nyumba hiyo ni mpangaji.

Ng'ombe alikuwepo, farasi alikuwepo. Mpaka dubu! Nani amewahi kuonana na dubu Msambweni? Ngamia hakuwepo. Nikakwambia, "Riziki, na nundu je?"

Ukamgeukia mama yako. Halafu ukaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kwa adabu, kama unavyomuuliza mtu usiyemjua, iwapo hilo ni neno la lugha yangu.

Yangu. Sio yetu.

Bibi yako alikuwa amekaa pembeni yangu na leso yake mpya, amejiweka tayari. Nikampa simu. Ukasema "Hello." Yeye akasubiri shikamoo yake. Akasubiri, anatabasamu tu, maana ni wewe uliyekuwa ukimkimbilia uani na shikamoo kabla hajaweka ndoo chini. Mama yako akakuita ukale, nikaona dari ya nyumba yenu, basi. Bibi akasema, "Marahaba, mjukuu wangu," akaiambia dari.

Nikwambie kitu kuhusu akika yako, ile sadaka ya kuzaliwa kwako. Babu yako alichinja mbuzi, na mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Hakuna shoka. Unatafuta kiungo kwa kidole, unapitisha kisu pale pale, kinaachia chenyewe. Mifupa yote ikazikwa nyuma ya nyumba, mizima. Mama yako alisimama pale na kamera yake, akaniuliza kwa nini hivyo. Nikamwambia ni ili mtoto awe mzima, asivunjike. Akalia. Mimi nikadhani ni furaha.

Sasa naona alikuwa anajifunza. Maana hakuvunja kitu. Hakukuwa na ugomvi, wala sahani haikuruka, majirani hawakuambulia hata neno moja la kusengenya. Alitafuta kiungo, akapitisha kisu taratibu. Na wewe uko mzima, alhamdulillahi, una meno mapya, unapasi mitihani. Ni mimi tu ninayekaa hapa kama upande uliobaki.

Ameniandikia kwamba Disemba mnakuja. Mtafikia hotelini, Diani, kula na kulala vyote ndani. Nyumba ya bibi yako ina kitanda, lakini haikutajwa. Hoteli hiyo naijua vizuri, na askari wake ananijua zaidi. Pale ufuoni wamevuta kamba. Mgeni upande ule, mimi na ngamia upande huu, na nikiikaribia ananiambia, "Rudi nyuma, mzee, usisumbue wageni." Miaka yote nimekuwa nikimjibu kwa mzaha. Disemba sijui kama mzaha utanitoka.

Utashuka mchangani na utaniona. Sina la kukwambia kwa Kijerumani isipokuwa jua zuri, ngamia hang'ati, na hayo sitakwambia, maana hayo nawaambia watu. Kwa hiyo usinitafutie maneno na wewe. Kadi ziache chumbani.

Vuka kamba tu. Simama mbele yangu, uguse sikio lako.

Mimi nitasema, "Sikio."

Halafu uguse kingine.

Niko upande huu wa kamba,
Baba yako wa Bwana Harusi