Kadi Tatu na Koti la Kijivu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lipo kwenye kitambulisho, mtaani naitwa Fundi Sindano. Umri: miaka 46. Kazi: mshonaji. Makazi: chumba cha mbele, nyumba ya mlalamikaji.

Naeleza kwa hiari yangu. Afande ameniomba nisicheke, najitahidi.

Mlalamikaji ni baba mwenye nyumba wangu. Nyumba ninayopanga aliinunua kwa kadi za mkopo: kadi hii inalipa ile, na kodi zetu wapangaji zinakimbizana na riba.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumatano, saa mbili asubuhi, mkewe alikuja kwangu na koti la mumewe na kadi tatu ndani ya leso. Alisema mume amepata nyumba ya pili ya kupangisha, na dalali anataka malipo ya awali Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

"Fundi, akizikomba hizi, benki itachukua hata hii tunayolala. Nifichie mahali asipopekua."

Na mimi niliogopa, maana cherehani yangu imo humohumo. Nilifumua bitana, nikazishonea kadi kwenye pindo. Pasi sikupiga, zisije zikayeyuka.

Saa nne mwenyewe alifuata koti, akalivaa. "Fundi, leo limenikaa kitajiri!"

"Hongera, baba," nikamjibu, nikaingia nyuma ya pazia kucheka mpaka mbavu zikauma.

Siku mbili amepekua godoro, kabati na pipa la unga, koti likiwa mwilini. Leo Ijumaa saa tano asubuhi alikuja hapa kumshtaki fundi bomba wa chumba cha nyuma, eti ndiye mwizi. Niliposikia nilikuja mbio, cherehani nikaiacha na uzi wake. Yule kaka hana kosa, na asilale ndani kwa sindano yangu.

Nimesomewa haya, ni yangu yote. Kadi ziko kwenye koti la yule aliyekaa benchini.

Sahihi: Fundi Sindano

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, saa tisa alasiri. Pindo limefumuliwa mbele ya mlalamikaji, kadi tatu zimepatikana. Mkewe, aliyeitwa kituoni, alipoulizwa kwa nini hakuongea naye kwanza, alijibu: "Nimeongea mara saba, afande." Saa tisa na nusu dalali alipiga simu. Mlalamikaji alimtazama mkewe, hakupokea. Amemwomba radhi fundi bomba, amefuta malalamiko, na amemwomba shahidi alishone tena pindo, kadi zikiwa humohumo.