Mlango Uliochelewa Kuitika

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la mikate.
Jumapili asubuhi, tarehe nane Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kiberiti,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto wangu ulionizalia huko, bado wanamjua shangazi yao, au wanaijua sauti yake ya simu tu? Wabusu kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Sisi huku wazima. Goti la Mama limerudi kwenye adabu tangu aanze kwenda hospitali kwa mazoezi, na sasa anapanda ngazi za kwangu bila kumlaani aliyezijenga. Mama Mdogo yupo, na mdomo wake upo pia. Hofu yetu ni juu yenu mlio mbali, maana ukikaa kimya siku mbili tatu mimi huanza kukuumbia magonjwa kichwani.

Najua unashangaa kwa nini nakuandikia barua ya karatasi wakati tunaongea simuni. Nimekusudia. Nina jambo la kukwambia kuhusu ile tovuti uliyonitengenezea, na simuni ungenijibu "Sawa, Dada," kisha ukanuna mpaka mwezi mwingine uandame. Barua haikatwi katikati. Isome ukiwa umeshiba.

Kwanza nikusifu, na sikusifu ili nipate pa kukupigia. Nilikuomba mahali pa kuonyeshea kazi zangu: majalada ya vitabu, vibandiko vya chupa, mabango, vibao vya madukani. Wewe ukaniletea nyumba nzima. Mtu akifungua tovuti anakutana na mlango wa kwetu, ule wa mbao, rangi ya kijani imebanduka kwa chini na alama ya mpira wako iko palepale katikati. Anaugusa mara tatu, hodi, hodi, hodi. Kitasa kinanyanyuka, bawaba zinalia, neno Karibu linajiandika lenyewe, na herufi za jina langu zinadondoka kutoka juu zikidunda. Umeukumbuka mpaka mlio, Kiberiti, na mlango wenyewe tulishaung'oa tukaweka wa chuma. Siku ya kwanza nilipouona nililia, wala sioni haya kusema.

Na kazi umenipatia. Yule mwenye ukumbi wa sherehe wa mtaa wa pili aliufungua mbele ya rafiki zake, akacheka mpaka akakohoa, akaja siku ileile kuniagiza mabango. Hakuuliza nimesomea wapi wala nimewahi kumfanyia nani. Alisema mwenye mlango kama ule hawezi kuwa na kazi iliyolala. Yeye biashara yake ni mbwembwe, kwa hiyo alipoziona mbwembwe alijiona amefika kwao.

Mama Mdogo bahati hiyo hakuwa nayo. Aliifungua kwenye kile kisimu chake, akapiga hodi, akasubiri, akasubiri, bando likaisha yeye bado yuko nje. Mpaka leo anasimulia kwamba alinyimwa kiti nyumbani kwa mtoto wa dada yake. Siku nyingine alifanikiwa kuingia kwa simu yangu, akaona majalada yanazunguka na kupishana kama watu waliochelewa kazini, akatikisa kichwa akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimcheka. Nilidhani ni uzee tu unaongea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hospitali yetu imejenga jengo jipya, na walitafuta mtu wa kubuni vibao vya kuelekeza watu, kuanzia getini hadi kitanda cha mwisho. Niliitaka kazi hiyo kama mtoto anavyotaka pipi. Goti la Mama lilipofura, tulilizunguka jengo la zamani yeye amenishika bega, tunatafuta chumba cha mifupa, na kila tukikata kona tunatokea jikoni. Wapishi wakaanza kutusalimia kwa kutuzoea. Nilicheka siku hiyo, lakini moyoni nilikasirika, maana mgonjwa ameshabeba maumivu yake na hapaswi kubebeshwa mafumbo pia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo simuni sikukwambia. Bosi wangu wa zamani pale kiwanda cha chapa aliniwekea kiti changu, akataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kiti kile nakijua. Unapanga kadi za mialiko ambazo rangi amechagua mwingine na herufi amechagua mwingine, wewe ni mkono tu. Kazi zangu zilikuwa zimepungua, na mwenye ukumbi hawezi kufanya sherehe kila siku. Nikajiambia kwamba nikipata kazi ya hospitali nabaki na chumba changu, na nikikosa narudi kwenye kiti kile, na safari hii sitatoka tena.

Hospitali iliomba kila mtu atume mahali kazi zake zinapoonekana. Nikatuma mlango wako, kifua mbele. Kimya. Nikasema watakuwa na shughuli. Kimya tena. Mwezi ukawa unakaribia ukingoni, nikaanza kufunga vitu vyangu kwenye maboksi ya mikate, na mwenye duka nikamwachia maua yangu ya dirishani ayatunze. Alinikubalia bila kuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angeuliza.

Katika hali hiyo nikampeleka Mama kwenye mazoezi yake. Tukiwa mapokezi akapita Muuguzi Mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anatembea kama ameitwa sehemu tatu kwa wakati mmoja. Mama unamjua, likija suala la watoto wake aibu huiacha nyumbani. Akamshika mkono, akamweleza kuwa huyu binti yake ndiye aliyeomba kazi ya vibao. Nilitaka kujificha nyuma ya mizani. Muuguzi Mkuu akanitazama kwa upole kabisa.

"Nilikuja kwako, mwanangu," akasema. "Nikapiga hodi mara tatu, hukuitika. Nikaona mwenyewe hayupo, nikaondoka."

Nikadhani amepanda ngazi zangu. Nikaanza kumwomba radhi, labda nilikuwa nimeshuka kununua wino, labda nilikuwa kwa mwenye ukumbi. Alipotaja mlango wa kijani, ndipo nikaelewa, na damu ikanipanda usoni.

Kiberiti, wewe mlango uliutengenezea kwenye kompyuta yako, huko kwenye mtandao unaokimbia. Hapo kwako ukigonga mara ya tatu, unafunguka. Huku kwetu, baada ya hodi ya tatu mlango unakaa kimya, unavuta taratibu madoido yote uliyoyapanga nyuma yake. Na mtu aliyelelewa akapiga hodi tatu asisikie karibu, anafanya nini? Si anageuka anakwenda zake? Mama ametufundisha hivyo wote wawili kwa kofi na kwa maneno. Uliweka nusu ya adabu yetu kwenye mlango ule, nusu ya pili ukaisahau. Mtu mwingine huenda angegongagonga mpaka achoke. Watu wetu wanaondoka kwa heshima zao, wala hawarudi kulalamika. Sijui ni wangapi waliofika mlangoni kwangu wakaondoka hivyo, na nimeamua nisiwaze sana.

Nikamwomba anipe nafasi palepale, kwenye kompyuta ya mapokezi. Akatazama saa, akamtazama Mama, akakubali. Tukapiga hodi tatu. Kompyuta ikaanza kuhema. Tukasubiri. Muuguzi Mkuu akaniuliza kama nina hakika niko ndani. Kisha bawaba zikalia, tena kwa sauti ya juu, na benchi zima la wagonjwa likageuka kutazama mlango wa kweli, na mlinzi akasimama kumpokea mgeni ambaye hakuwepo. Herufi za jina langu zikaanza kudondoka moja moja. Moja ikakwama hewani ikabaki inaning'inia. Halafu majalada yangu yakaja mbio, Muuguzi Mkuu akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Akaniuliza hizi picha zinamkimbia nani. Nilitamani ardhi ipasuke, nami niingie bila hodi.

Lakini tukafika kwenye ule mchoro wa mwisho. Unaukumbuka? Ni mchoro wangu wa majaribio wa vibao vya hospitali. Uliniambia ukiachwa umelala kama ulivyo kwenye karatasi hakuna atakayeuelewa, nikakubishia, ukautia mwendo bila idhini yangu. Mstari mwekundu unatoka getini polepole, kwa mwendo wa mtu anayeumwa. Unafika njia panda, unasimama, na kibao kinawaka palepale macho yatakapotua. Unakata kushoto penye dirisha la dawa, unapanda, unaishia mlangoni pa wodi ya wazazi. Mstari huo ulikwenda vizuri hata kwenye kompyuta ile iliyokuwa inahema, kwa sababu ni mstari tu.

Mama mmoja mjamzito aliyekuwa mbele ya foleni akauliza hapo ni wapi. Nikamwambia ni hapahapa. Akafikiri kidogo, akauliza mbona huko kwenye kompyuta watu hawapotei. Muuguzi Mkuu hakucheka. Aliutazama mstari ule mara ya pili, akaomba mara ya tatu, kisha akaiacha miwani ishuke kwenye kamba yake.

"Hiki kinatembea kwa sababu," akaniambia. "Vile vingine vinatembea tu."

Nimeyaandika maneno hayo ukutani juu ya meza yangu, nawe yaandike juu ya yako. Akaniita kwenye kikao chao. Nikaenda na kazi zangu zimechapwa kwenye karatasi, zimetulia kama watoto siku ya picha, na kile kimstari chako kwenye kompyuta niliyoazima. Waliuliza mengi, nikajibu. Alhamisi wakanipigia. Kazi ni yangu, Kiberiti. Niliruka mpaka mwenye duka la mikate akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda mwenyewe, maua yangu mkononi. Bosi wa kiwanda nilimpigia kumshukuru. Alicheka, akasema basi kiti atakikalia mwenyewe, kimeshampendeza mgongo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ukitaka kununa nuna sasa tumalizane. Herufi za jina langu zikae chini, zimeshaanguka vya kutosha. Majalada yasimame mpaka mtu mwenyewe ayaambie yaondoke, na maandishi yawe makubwa kwa wenye miwani ya kamba. Mwenye ukumbi mwekee pembe yake ya kuchezacheza, maana wateja wa aina yake nao ni wateja, ila asiyetaka ngoma asilazimishwe kupita uwanjani. Ule mstari usiuguse hata kidogo. Ndio ulioniokoa, na ni wako. Nilikubishia na ulikuwa na haki, na hili nalisema mara moja tu, usizoee.

Limebaki la mlango. Nilimwambia Mama kwamba nitakuomba uuondoe, mtu akifika aingie moja kwa moja. Kumbe nimegusa mahali. Mama hakupandisha sauti. Aliniambia nisithubutu.

Kumbe kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa kwenye kiti chake cha dirishani, akaifungua tovuti yangu, akapiga hodi tatu. Simu yake ni nzito kama ya mdogo wake, lakini yeye haondoki. Anaweka simu mapajani na kusubiri. Bawaba zikilia, anatabasamu, anasema ahsante mwanangu, anazima. Haingii ndani. Nikajidai kuumia kidogo, nikamwambia Mama, huko ndani ndiko kwenye kazi zangu.

"Kazi zako naziona kila siku," akanijibu. "Mimi namgongea ndugu yako."

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Basi, mdogo wangu, mlango usiutupe. Utoe kwangu, umhamishie Mama, uwe wake peke yake kwenye simu yake. Bawaba ziache zilie, na kama utachelewa kufunguka usijali, kwa sababu Muuguzi Mkuu ana wagonjwa wanaomsubiri na Mama anakusubiri wewe. Ila ukifunguka, asikute herufi zinazodunda wala picha zinazokimbia. Akukute wewe, na wifi, na watoto, mmekaa, mmetulia, mnamtazama. Na ukipata likizo, ule wa chuma tulioweka huku nao unafunguka, tena haraka.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie nguo aliyoniletea kipimo chake nitamshoneshea kwa fundi wa hapa chini. Wabusu watoto tena, kila mmoja kwa shavu lake. Mama Mdogo anakusalimu na kukukumbusha habari ya bando lake. Mwenye duka la mikate hakujui, lakini anakusalimu kwa sababu nimemchosha kwa habari zako. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, akufungulie na wewe kila mlango utakaousimamia.

Mama nilimwambia atoe salamu zake niziandike hapa, akakataa. Anasema atakusalimia mwenyewe, mlango utakapofunguka.

Ni mimi, nikupendaye hata ukinuna,

Dada yako