Baba mkwe anasema nyumba yake inatekenya tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu upesi, maana humu ndani mwenye makosa naonekana mimi.

Mimi ni mke wa mtu, tunaishi na wakwe zangu katika nyumba aliyoijenga baba mkwe kabla mume wangu hajazaliwa, na baba mkwe ni fundi saa mstaafu, mtu wa mikono myepesi, nyaya zote za umeme alizipitisha yeye mwenyewe na anajivunia hilo kuliko hata watoto wake. Nilipoolewa, siku ya kwanza tu mama mkwe alinikabidhi kandambili akaniambia, "Mwanangu, hizi za bafuni, na ukifungua friji pia uzivae, nyumba yetu inatekenya kidogo." Nilidhani ananitania, nikaingia kuoga peku, nikashika koki, mshauri, mkono ulikufa ganzi mpaka begani, nikapiga ukelele, na nje nikawasikia wanacheka, baba mkwe akisema, "Haya, nyumba imeshamjua mkwe!" Kumbe ndivyo wanavyompokea kila mgeni, hata wifi zangu waliozaliwa humu wanaoga na kandambili na kufunga bomba kwa kitambaa kikavu, wala hakuna anayeona ajabu, na mimi kwa ugeni wangu nikafuata.

Sasa mwanangu ameanza kusimama. Anashika chochote kilicho karibu ajiinue, na juzi mchana nikiwa nafua uani alichomoka kwenye beseni lake, amelowa chepechepe, akatambaa mpaka kwenye bomba la ukutani akalishika, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, nikageuka nikamwona amekakamaa, macho yamemtoka, vidole vimeng'ang'ania chuma, sikufikiri mara mbili, nilimsukuma kwa lile beseni la plastiki mpaka akaanguka, ndipo akalia. Baba mkwe alikuja mlangoni, akamtazama, akatabasamu, akasema, "Mjukuu wangu naye ameshatekenywa." Alitabasamu, mshauri! Mtoto midomo imebadilika rangi!

Kesho yake wakwe zangu walipokwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili nikamwita fundi umeme bila kumwambia mtu. Akagusisha kipimo chake kwenye bomba, akarudi nyuma, akaniuliza, "Dada, na mnaoga humu?" Akanieleza kwamba waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme uliovuja ukafie udongoni, ulifungwa kwenye bomba la chuma la maji lililotoka mtaani, lakini mabomba ya mtaa yalishang'olewa yakawekwa ya plastiki, kwa hiyo umeme unaovuja kwenye hita ya bafuni hauna pa kwenda, umo tu ndani ya mabomba yetu unangoja mtu. Kisha akazima swichi kubwa, akafungua boksi la fyuzi, akaniita nione. Palipotakiwa kuwa na waya mwembamba wa fyuzi ya bafuni palikuwa na msumari. Msumari, mshauri! Umekatwa kichwa, umesuguliwa vizuri, umekaa sawasawa kama kitu cha dukani! Akaung'oa, akauweka mezani, akanionya tusiwashe kitu mpaka arudi kurekebisha.

Baba mkwe aliporudi akaukuta msumari wake mezani, akaurudisha pale pale akawasha umeme, akasema fyuzi zilikuwa zinamkatikia ovyo lakini msumari haujamwangusha, na kwamba nimemwingiza mtu baki kuja kumvua nguo ndani ya nyumba yake. Mume wangu ndiyo kabisa, ananiambia, "Mwombe baba msamaha yaishe, sisi sote tumekulia humu na hakuna aliyekufa." Jumapili ndugu wote wanakutana, nami natakiwa nipige magoti mbele yao. Je, nimwombe msamaha nionekane mke mwema, au nifungashe niondoke na mtoto?

Ni mimi, mkwe wa fundi saa.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa mtoto, pole sana. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimalizia nimesimama. Nilipofika kwenye msumari nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje asome mwenyewe, naye akadhani nimeitunga.

Kwanza, mbona hukuandika kama mtoto amepelekwa hospitali? Mpeleke leo, hata kama anacheka na kunyonya vizuri. Umeme ukishapita mwilini unaweza kuuchezea moyo, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Daktari mweleze wazi kilichotokea, usije ukamwambia mtoto ameanguka ili kumlinda babu yake.

Pili, nyumba haitekenyi mtu. Nani aliwadanganya? Huo ni umeme, unawaonjesha kila mnapooga, na kilichowaokoa mpaka leo ni vipande vya mpira chini ya nyayo. Na wewe, mtu mzima mwenye akili zako, ulirushwa na koki siku ya kwanza ukakubali kuvaa na kunyamaza! Ugeni gani huo? Hata hivyo nakusifu kwa lile beseni. Ungemshika mtoto kwa mkono, tungekuwa tunazungumza mengine kabisa.

Mumeo anasema hakuna aliyekufa. Baba wa mtoto, najua gazeti hili litakufikia: unangoja afe nani ndipo uamini?

Sasa hilo la magoti. Kwa kumleta fundi, usiombe msamaha, si Jumapili wala siku nyingine. Kwa kumzunguka mzee alipokuwa hayupo, mwombe radhi, maana nyumba ni yake na wewe ni mwanawe. Tena mwombe faraghani kabla ndugu hawajakusanyika, na umwambie ukweli utakaompa pa kushikia: "Baba, ulipofunga waya kwenye bomba la chuma ulifanya sawa, mtaa ndio uliobadilisha mabomba." Mzee anayejua saa anajua kwamba kifaa kizuri kikibadilishiwa sehemu moja, nyingine zote zinapotea. Msumari lakini hauna utetezi, na usimtafutie. Fyuzi inakatika ili nyumba isiungue, na yeye alikasirishwa na kitu kilichokuwa kinamtetea.

Fundi arudi, mwenye leseni, na mzee akae karibu naye aone kila kitu kwa macho yake. Achimbie waya wa ardhi udongoni upya. Hita ya bafuni ing'oke. Boksi la fyuzi libadilishwe, liwekwe swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na nyaya za darini zikaguliwe, maana za zamani hupukutika mpira zikibaki uchi. Akimaliza, apime tena kila bomba mbele yenu. Asipopima, hajamaliza. Mzee akikataa katakata, chukua mtoto uende kwa mama yako, usigombane na mtu, na urudi siku fundi atakaposema pako salama.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Sasa hivi weka gazeti chini, vaa viatu, mikono iwe mikavu, nenda kazime swichi kubwa. Watalalamika friji inayeyuka, watalalamika giza, watakuita mkorofi. Waache waseme. Mtoto wako atasimama tena leo, na atashika cha kwanza atakachokifikia.