Ngano ya Fotis

Mitilini, 25 Januari 1931

Mwanangu Iordanis,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti tu. Hujambo wewe na wachezaji wako? Tangu uache kucheza ukawa kocha, majirani hawanipumzishi: "Mama Evanthia, timu ya mwanao imefungwa tena!"

Nimegombana na Padri Lefteris. Anataka jina la mdogo wako Fotis nilitoe kwenye karatasi ya walio hai anayoisoma kanisani, nilitie kwenye ya wafu, nichemshe na ngano ya kumwombea, kama tuwafanyiavyo marehemu. Huu ni mwaka wa tisa, anasema. Nikamjibu: simpikii ngano mtoto ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho, siku ile tunawakimbia Waturuki kule kwetu Smirna. Hebu niambie tena.

Mama yako

Pireo, 6 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Jumapili tuliwafunga wa Athene mawili bila, na golikipa wetu kadaka penalti, uwanja mzima ukasimama! Nakutumia soksi za sufu. Kuhusu Fotis, ni kama nilivyokwambia: watu walikuwa wengi, tukapotezana.

Mwanao

Mitilini, 1 Machi

Iordanis,

Soksi nimezipata, ahsante. Mpira umeueleza vizuri kuliko ndugu yako.

Mama

Pireo, 15 Machi

Mama,

Hatukupotezana. Fotis alikuwa bado amevaa viatu vya jeshi letu la Wagiriki. Kwenye lango la gati askari wa Kituruki alinitambua. Zamani alikuwa akija kututazama tukicheza. Akacheka: "Pita, bingwa!" Kisha akaviona vile viatu. "Na huyu, ni wako?"

Nikasema simjui.

Fotis angeweza kusema mimi ni kaka yake. Alinyamaza ili nipite. Niliposikia risasi niligeuka, nikamwona chini.

Vijana hapa wananiita mwalimu, nami naona haya kuitika. Nimemnyima ndugu yangu sala miaka yote hii kwa kuuogopa uso wako. Nisamehe, mama.

Mwanao

Mitilini, 1 Juni

Iordanis,

Miezi miwili sikuweza kukuandikia. Juzi, Jumamosi ya wafu kabla ya Pentekoste, nilichemsha ngano, nikatia sukari na zabibu. Watu wetu wa Smirna walikula, wakamwombea. Padri akauliza habari nimezipata wapi. Nikasema, kwa aliyeona. Jina lako sikulitaja, wala si kwa kukuhurumia. Niliona aibu mimi niliyekuzaa.

Usiniombe msamaha kwa barua. Nilikuwa na watoto wawili mpaka ulipoandika. Sasa ninaye mmoja, na sijui nitamtazamaje. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako