Namba 213 Iko Jikoni Kwangu

Ledeberg, Ghent
13 Machi 1858

Mpendwa mdogo wangu Bavo,

Zikufikie salamu zetu huko milimani, ng'ambo ya bahari, zikukute umekaa na si umelala. Sisi hapa hatujambo. Mama amevimba miguu kwa baridi, lakini bado anasimama mwenyewe kukoroga uji wa mtindi, na hataki kusaidiwa. Wewe u hali gani? Nijibu kweli, maana mara iliyopita ulinidanganya, na nina hasira nawe tangu Septemba.

Barua yako ya Juni ilisema u mzima na umenenepa. Umenenepa wapi? Umesahau kwamba ni mimi ninayefungua masanduku yako katika banda la vioo la Bwana Roelandts, huyo tajiri anayekutuma mimea? Vibao vya namba unavyoifungia mimea vinapita mikononi mwangu kimoja kimoja. Namba 212 uliiandika tarehe tatu Mei, kwa mwandiko wako ule ulionyooshwa kwa bakora za mwalimu. Namba 213 ni ya tarehe ishirini Juni. Siku arobaini na nane hukuokota hata jani! Na herufi zenyewe zinapepesuka, zinaanguka nje ya mstari. Hiyo ni homa, Bavo. Nilikaa juu ya sanduku nikalia, kisha nikakutukana kwa sauti mpaka wenzangu wakageuka.

Tena ulijisifu kwamba mvua ilipowanyeshea mtoni, turubai uliifunikia mimea, wewe ukalala nje. Mimea kwanza, kama Baba alivyotufundisha. Baba naye alivua koti lake wakati wa barafu kali akaifunika michungwa ya watu. Michungwa ikapona, Baba tukamzika kabla ya Kwaresima. Ukoo mzima tuna wazimu huu, na matajiri wanaujua.

Mwenzako Evarist Claeys hatarudi tena. Mashua yake ilipinduka akiteremka kutoka mlima ule wa okidi nyeupe, maua ambayo matajiri huyanunua kwa dhahabu. Mkewe, Coleta, aliitwa ofisini kwa Bwana Roelandts, nami nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Bwana akamwambia, "Pole sana, mama. Lakini tushukuru, masanduku yote sita yameokolewa. Hayakuingia maji hata tone." Alidhani anamfariji! Coleta akamtazama, akamuuliza, "Kwa hiyo na mume wangu ningemtia kwenye sanduku?" Bwana akaanza kukohoa.

Ndiye huyo huyo aliyekuamuru ubaki mwaka mwingine, upande mlima ule ule, umtafutie okidi ile nyeupe yenye koo jekundu ambayo marehemu aliiona mara moja tu. Na wewe, bwege wangu, ukajibu ndiyo!

Sasa tulia unisikilize. Namba 213 hukuikuta na maua. Ulikisia, ukaandika "manjano, ya kawaida." Ilifika imesinyaa. Bwana alisoma kibao akasema, "Godelieve, tupa hii. Za manjano ninazo hata za kulisha mbuzi." Nikaitupa kwenye lundo la mbolea, wote wakiona. Jioni nikairudia, kwa ajili ya mwandiko tu. Kitu ulichokishika huku unatetemeka vile sikuweza kukiacha kioze. Nikaiweka jikoni, juu ya kiti chako, karibu na moto.

Jumanne ilichanua. Nyeupe, Bavo. Koo jekundu. Uliichuma Juni iliyopita ukiwa na homa, hukujua, na wanataka uifie mara ya pili.

Nilikata ua moja nikaliweka juu ya meza ya Bwana. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Umelitoa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Mmea huo ni wangu!"

"Wako ulikuwa kwenye sanduku, Bwana. Huu nimeuokota kwenye mbolea. Waulize waliokuwapo."

Akanitisha kwa polisi. Nikamwambia polisi waje tu, ila jiko letu linachemsha maji mengi, na mizizi ya okidi haipendi maji ya moto. Akakaa. Akaniuliza nataka nini. Nikasema namtaka ndugu yangu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake ya kukuita nyumbani, yenye sahihi na muhuri, na hati ya nafasi yako katika meli. Nilimsimamia akiandika. Anasema ua ataliita kwa jina la mkewe. Na aliite. Mmea wenyewe hautoki hapa mpaka nikuone mlangoni, nawe umkabidhi Bwana kwa mkono wako. Usije ukaniandikia kwamba umeona jani fulani zuri, unakaa wiki mbili zaidi. Nitauchemsha, naapa.

Mama anakusalimu, na Mjomba Amaat, na Coleta, ambaye amenishika mkono akaniambia nikuandikie upesi. Mungu akushike begani katika kila mto na kila ngazi ya meli.

Mmea bado umekalia kiti chako. Maisha yako yote umeipa mimea pahali pakavu, wewe ukakaa mvuani. Njoo ukae. Safari hii mmea ndio utakaopisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,
Godelieve